Kafara ya Maskini Kumi

Askari wa kadhi alipogonga mlango kule Matrah na kumpa Muhsina karatasi, Muhsina alimwuliza kama hakukosea nyumba. Hakukosea. Jina lilikuwa lake, Muhsina binti Ghanim, na chini yake limeandikwa jina ambalo kwa karibu miaka saba alikuwa halitaji hata kwa kulilaani: Harub. Eti Harub, mumewe, anamtaka arudi nyumbani kwake. Eti Muhsina ni nashiza, mke aliyemwasi mumewe, na dalili yake ni kwamba aliitwa mahkamani Unguja, Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Januari, mwaka wa sitini na nne, kwa kesi aliyoifungua mwenyewe, na asende.

"Nani huyo?" akauliza mamake, Bi Mahfoudha, kutoka jikoni.

"Harub."

"Harub yupi?"

"Kwani mie nna Harub wangapi, mama?"

Bi Mahfoudha akatoka na ungo mkononi, mchele haujapepetwa hata nusu. Kusoma hakujua, lakini aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma akaikodolea macho mpaka ungo ukamwelemea. "Hana haya mtu yule," akasema. "Wallahi hana haya hata ya kuazima."

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Harub alipomwoa, Muhsina alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana Unguja. Mwaka wa kwanza akamkataza mashoga zake. Wa pili akamkataza kazi. Wa tatu akamzaba kofi mbele ya wageni, sinia la halua li mkononi mwa Muhsina, kisha akawageukia wageni akawakaribisha kahawa. Siku ile ile Muhsina akarudi kwao, na wiki ile ile akenda kwa kadhi kuomba talaka. Akapangiwa siku, Jumatatu. Jumapili ya kuamkia siku hiyo, kabla ya alfajiri, bunduki zikaanza kulia na serikali ikapinduliwa. Jumatatu hiyo mji mzima ulikuwa umejifungia majumbani, watu wanachungulia kwa nyufa za madirisha. Kwenda mahkamani! Aende nani, na amkute nani?

Muhsina na mamake wakatoka Unguja na nguo walizovaa, wakaishi Dubai, Muhsina akisomesha watoto wa watu majumbani. Mwaka wa sabini, Oman ilipofungua milango na watu wa Zanzibar wakaanza kurudi, nao wakarudi. Maskati walikuwa wakitafuta walimu kama watu watafutao maji. Skuli mpya ya wasichana ikamchukua Muhsina bila ya maswali mengi. Alikuwa na wasichana arubaini wamekaa juu ya mikeka, wengine wakubwa wanaokaribia kuolewa, wanashika kalamu kwa mara ya kwanza, na kila asubuhi akiingia darasani moyo wake unakaa mahala pake. Sasa karatasi ile ikishinda, mkeka haumwoni tena. Atapelekwa kwa Harub na askari, na Harub atatia komeo.

Na Harub naye alikwisha kuwa mtu Maskati. Alirudi kutoka Kuwait mwaka ule ule, na kwa kuwa anajua Kiingereza cha kuandikia barua, akapewa ofisi yenye meza na feni. Lakini kilichompa heshima hasa si meza wala feni. Kilikuwa kisa chake. Kila baraza aliyokaa, Harub alisimulia jinsi alivyopigana siku za mapinduzi, yeye na bunduki yake, amelala nyuma ya ukuta, mpaka risasi ya mwisho. Wazee walimsogelea wasikie. Akiingia mahala, watu wanampisha mbele.

Siku ya kesi, Muhsina na mamake walipanda Landrova ya abiria, wakapanda mlima na kuteremka upande wa pili mpaka mji wa Maskati ndani ya ukuta wake. Kadhi, Sheikh Aflah, alikuwa mzee mwembamba asiyepata kutoka Oman maishani mwake. Alikaa juu ya zulia katika chumba kirefu karibu na lango kubwa, na watu wenye mashauri yao wamekaa wameegemea ukuta pande zote. Harub alikuwepo zamani, kajitandaza, joho jeusi mabegani na jambia la fedha kiunoni. Alimtazama Muhsina juu mpaka chini, akatabasamu.

Kisha akasema Kiarabu fasaha. Alitoa samansi ya Unguja, karatasi ya zamani ya wito iliyokunjwa mara nne, akaeleza kwamba siku ile risasi zinalia kila pembe, lakini yeye miadi ya kadhi hakuiacha. Alitia bunduki begani akenda mpaka nyumbani kwa kadhi, akangoja, mke hakuja. Kadhi akaitupa kesi ya mwanamke na kumpa Harub amri ya kumrejesha. Amri ilipotea kwenye vurugu. Kadhi yule keshakufa, Mungu amrehemu. Watu ukutani wakatikisa vichwa kwa kumstaajabia.

Muhsina Kiarabu chake kilikuwa cha msahafuni na sokoni, cha kushindana mahkamani hana. Sheikh Aflah akauliza nani atamfasiria. Na nani akajitokeza? Harub! Eti yeye anajua lugha zote mbili, na mke ni wake. Sheikh, kwa kutojua, akaitika.

"Siku ile sikwenda kwa sababu mji ulikuwa unawaka moto," Muhsina akasema.

"Anasema hakwenda kwa sababu hakutaka," Harub akafasiri.

"Mwongo!" Muhsina akaruka. Lile neno la Kiarabu la hakutaka alilijua vizuri sana, analisikia kila siku kwa wasichana wake. "Mwongo wee! Shekhe, huyu ananigeuzia maneno!" Alisema kwa Kiswahili na Kiarabu pamoja, kidole kimemwelekea Harub, mpaka watu wakamnyamazisha. Bi Mahfoudha naye akasimama na kumpa Harub lake, na hilo hakuna aliyethubutu kulifasiri.

Sheikh Aflah akanyanyua mkono. Hakuwa mjinga mzee yule. Akasema wiki ijayo ataleta mkalimani mwengine. Kisha akamwuliza Muhsina polepole, kwa maneno mepesi, kama ana shahidi kwamba Harub hakwenda kwa kadhi siku ile. Muhsina akamtazama mamake. Ushahidi wa mama kwa mwanawe haukubaliwi mahala kama pale, tena wa mwanamke mmoja peke yake. Akainamisha kichwa.

"Na wewe," Sheikh akamwambia Harub, "utaapa kwamba ulikwenda?"

"Hata sasa hivi."

"Wiki ijayo. Kiapo hakina haraka."

Walipokuwa ndani ya gari wanarudi Matrah, Bi Mahfoudha alikuwa akimlaani Harub njia nzima. Maana wao wawili walijua Harub alikuwa wapi Jumatatu ile. Jumapili magharibi alikuja kugonga mlango wao wa nyuma, miguu mitupu, midomo inamcheza, hana bunduki wala fimbo. Bi Mahfoudha ndiye aliyemfungulia. Ugomvi ni ugomvi, lakini mtu anayekimbia kifo humfungii mlango, sembuse mkweo. Akaingia uvunguni mwa kitanda cha Bi Mahfoudha asitoke Jumatatu kutwa. Jumanne jioni akavaa buibui la Muhsina, akafunika uso, wakamtia katikati wakatoka naye, wanawake watatu wanaokwenda kumtazama mgonjwa, wakampeleka pwani kwa jamaa aliyemvusha.

Kabla hajatoka ndipo alipochukua Msahafu akamtia Muhsina mkononi. "Niapie," akamwambia. "Niapie hutomwambia kiumbe habari ya kitanda wala ya buibui." Alikuwa analia. Muhsina alimtazama mwanamume aliyempiga kofi mbele ya watu analia ndani ya buibui lake, na akamwonea huruma. Ndiyo, akamwonea huruma! Akaapa. Harub akamwambia akifika salama atamletea talaka yake kwa wema. Tangu siku hiyo hata salamu. Asante ya punda mateke.

"Sema!" Bi Mahfoudha akamwambia walipofika nyumbani. "Wiki ijayo simama useme yote."

"Niliapa, mama."

"Umwekee kiapo mbwa yule?"

"Sikumwapia mbwa. Niliapa kwa Mungu."

"Basi rudi kwake ukamchemshie maji ya kuoga!"

Muhsina akaingia chumbani akafunga mlango, akalia kwa hasira. Sasa alimwelewa Harub. Mapenzi? Thubutu! Alichokuwa akikiogopa ni ulimi wake. Mwanamke huru, mwalimu, anayejua siri ile, anatembea Maskati na kuingia majumba ya watu, huyo ni hatari. Mwanamke aliyefungiwa ndani atamwambia nani? Na wiki ijayo atashika Msahafu aape uongo bila kupepesa macho, na uongo wake utakuwa hukumu, wakati kweli ya Muhsina imefungwa kwa kiapo cha kumsitiri yeye.

Siku tatu hakula vizuri. Akisomesha anakosea, wasichana wanamsahihisha. Siku ya nne alikuwa akiwasomesha Kurani, sura ya Maida, msichana mmoja anasoma kwa sauti yake nyembamba, akafika kwenye aya ya viapo: kafara yake ni kuwalisha maskini kumi kwa chakula cha wastani mnachowalisha watu wenu. Muhsina akamwambia, rudia. Msichana akadhani amekosea, akarudia. Rudia tena. Aya aliijua tangu utotoni, lakini siku zote aliiona ni ya watu walioapa kutokula pilipili. Alirudi nyumbani mbio mbio.

"Mama, mchele upo?"

"Upo. Wa nini?"

"Wa watu kumi."

Siku moja kabla ya kesi wakapika pilau na nyama ya mbuzi, si chakula cha wastani, kilicho bora. Muhsina mwenyewe akazunguka misikiti ya Matrah na bandarini kuwatafuta maskini wake. Akawahesabu mlangoni wakiingia. Walikuwemo kipofu na nduguye, wajane wawili, hamali aliyevunjika mguu. Wakala uani wakashiba, wengine wakafungiwa na cha kwenda nacho. Mjane mmoja, mikono bado ina mafuta, akauliza kwa adabu karamu ile ni ya maiti gani, wapate kumwombea.

"Hajafa bado," Bi Mahfoudha akajibu.

Asubuhi yake chumba cha kadhi kilikuwa kimejaa. Mkalimani mpya alikuwa Mzee Bakhit, aliyekaa Pemba miaka thelathini, na Kiswahili chake kitamu kuliko cha wenyewe. Aliketi baina ya Muhsina na Sheikh, mikono juu ya fimbo. Msahafu ulikwisha kuwekwa mbele ya Harub. Ukimtazama Harub, utadhani amekuja kupokea hidaya.

"Kabla hajaapa," Muhsina akasema, "nna neno. Ami Bakhit, mwambie Shekhe kwamba mie nilikuwa na yamini. Niliapa kumfichia mtu jambo, na kwa kuficha jambo hilo leo nadhulumiwa. Jana nimetoa kafara. Nimelisha maskini kumi. Sasa nataka kusema."

Bakhit akafasiri, neno kwa neno. Harub, aliyesikia mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, akaacha kutabasamu.

Sheikh Aflah akainua uso. "Kumi?"

"Kumi. Kwa majina ukitaka."

"Walishiba?"

"Walishiba wakabakisha."

"Basi yamini yako imefunguka. Sema."

"Shekhe," Harub akaingilia, "maneno ya mke na mume hayafai kusemwa mbele ya—"

"Wewe ndiye uliyemleta mbele ya watu," Sheikh akamkata. "Mwache aseme."

Muhsina akavuta pumzi. "Mwambie Shekhe kwamba Jumatatu ile Harub hakwenda kwa kadhi. Hakwenda popote. Alikuwa uvunguni mwa kitanda cha mama yangu, kutwa nzima, na mama akimpitishia mkate na chai kwa mkono, kama anayemlisha paka."

Mle chumbani Kiswahili walikijua watu wanne tu: Muhsina, mamake, Harub na Bakhit. Watu wengine wote walikuwa wakingoja. Bakhit alifungua mdomo afasiri, ukabaki wazi. Akamgeukia Harub, Harub wa bunduki, Harub wa risasi ya mwisho, naye alikuwa amekuwa rangi ya majivu.

"Amesema nini?" Sheikh akauliza.

"Nimemwacha!" Harub akapiga kelele. "Shekhe, hakuna haja ya maneno. Nimemwacha talaka moja. Basi, yaishe."

Ukutani pakazuka minong'ono. Mtu kaja kudai mke, kabla hajajibiwa kamwacha! Bi Mahfoudha akamshika bintiye mkono kwa furaha, lakini Muhsina akautoa. Talaka moja! Talaka moja ina rejea, tatu hazina. Mume akitaka, ndani ya eda, husema nimemrejea, na mke akarudi ndani. Leo anamfunga mdomo, wiki ijayo amtie komeo. Ujanja wa Harub haujawahi kulala hata siku moja.

"Ami Bakhit," akasema, "usifasiri bado, nna la pili. Jumanne yake jioni, huyu bwana akavaa—"

"Tatu!" Harub alikuwa amesimama, jasho linamchuruzika. "Tatu, Shekhe! Talaka tatu! Andika!"

Sheikh Aflah hakuandika. "Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Hukulazimishwa na mtu?"

Harub akamtupia Muhsina jicho. Jicho lile lingekuwa kisu, Muhsina angelala pale pale. "Sikulazimishwa," akasema.

Karani akaandika, mashahidi wakatia saini. Sheikh akaichukua ile samansi ya Unguja, akamwuliza Harub kama ana dai lolote lililobaki kwa siku ile ya Januari. Harub akasema hana. Sheikh akaandika juu yake kwa mkono wake mwenyewe kwamba dai limeachwa na mwenyewe na shauri limekwisha, akapiga muhuri. Muhsina akaambiwa akae eda kwao. Mchana aende akasomeshe, usiku alale kwa mamake.

"Na lile alilosema?" Sheikh akamwuliza Bakhit.

Bakhit akamtazama Muhsina.

"Mwambie halina haja tena," Muhsina akasema.

"Anasema halina haja tena, Shekhe."

Sheikh akamtazama Harub, kilembani mpaka vidoleni, asiulize zaidi. Akaita shauri jengine.

Nje jua lilikuwa kali juu ya ukuta wa mji. Muhsina alikuwa akiikunja karatasi yake aitie kifuani, Harub akamfikia na kumsimamia karibu mno, akisema kwa meno yaliyobana. "Umefurahi? Umepata ulichokitaka. Sasa funga mdomo wako mpaka uingie kaburini. Ulishika Msahafu, Muhsina. Nlikuamini."

Miaka yote ile Muhsina alikuwa amejitungia maneno ya kumwambia siku akimpata, mengine akiyasema peke yake anapofua nguo. Sasa yote aliyaona marefu.

"Aibu yako nimeibeba mie karibu miaka saba, Harub, hukunipa hata asante," akamwambia. "Leo nimeitua. Nusu yake anayo Ami Bakhit, na mie sikumwapisha. Kamwapishe wewe."

Harub akageuka. Bakhit hakuwepo mlangoni. Alikuwa ng'ambo, kivulini mwa lango, kwa muuza kahawa, kikombe mkononi, amewainamia watu wawili, na wale wawili wamemwinamia yeye. Mmoja wao akainua kichwa akamtazama Harub, kisha akacheka. Harub akatoka mbio, mkono mmoja umeshika jambia lisimpige mapajani. Joho likamdondoka mabegani likaanguka vumbini, asirudi kuliokota.

Bi Mahfoudha alitaka kubaki atazame. Muhsina hakutaka. Alimshika mamake mkono wakaenda kutafuta gari ya Matrah, kwa sababu saa nne ilikuwa imekaribia na wasichana walikuwa wakimngoja.